Steringi Aliye Nje ya Sheria: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Haki na Haramia Shujaa Katika Filamu za Zamani

Kila mwezi tunakaa watu kumi na kitu mbele ya ukuta mweupe kutazama picha moja ya zamani, na kila mwezi maswali ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa nafasi. Msimamo wangu nautanguliza: picha hizi nazipenda tangu utotoni, naamini zina jambo zito la kusema kuhusu haki, na naamini pia kwamba nyingi zinaishia njiani. Majibu yangu yana mambo yote mawili.

## Ya mwanzo

1. Haramia shujaa ni nani hasa?

Ni mtu ambaye serikali imemtangaza mhalifu huku wananchi wakimhesabu kuwa mtu wao. Anavamia misafara, anavunja magereza, anaiba. Lakini ukirudi nyuma unakuta dhuluma iliyomtangulia: kodi iliyozidi uwezo wa watu, shamba lililonyang'anywa, mtu aliyenyongwa bila hatia. Kwa lugha ya banda la video, yeye ndiye steringi, na adui ndiye mwenye muhuri wa serikali.

Katika Uingereza ya kale hali hii ilikuwa na maana kamili ya kisheria. Aliyeitwa mahakamani akagoma kufika alitangazwa kuwa nje ya sheria, na ilisemwa kwamba amebeba kichwa cha mbwa mwitu. Maana yake yeyote aliyekutana naye angeweza kumuua kama mnyama wa porini. Watu wengi hudhani haramia ni yule asiyetii sheria tu. Hapa sheria yenyewe ilikuwa imeacha kumlinda, na picha nzuri za aina hii huanzia hapohapo: kuna watu wengi ambao sheria iliacha kuwalinda zamani, kabla hawajaiba hata yai.

2. Mnazungumzia filamu zipi?

Mzizi wa mazungumzo yetu ni *The Adventures of Robin Hood* ya mwaka 1938, iliyoongozwa na Michael Curtiz na William Keighley, Errol Flynn akiwa Robin na Olivia de Havilland akiwa Marian. Tunapoandika "Robin Hood" bila mwaka, ni hiyo. Pembeni yake tunaziweka *Captain Blood* ya 1935, ya Curtiz na Flynn haohao, *The Mark of Zorro* ya 1940 yenye Tyrone Power, na chache nyingine tutakazozitaja zinapohitajika.

3. Robin Hood aliwahi kuishi kweli?

Hakuna mtu mmoja aliyethibitishwa kuwa ndiye. Kilichopo ni hadithi iliyokua kwa karne nyingi, kila kizazi kikiongeza chake.

Mashairi yake yanatajwa katika maandishi ya Kiingereza tangu takriban 1377. Katika utenzi mrefu uliochapishwa karibu mwaka 1500 hamna Marian wala Mfalme Richard. Mfalme anaitwa Edward, na Robin si bwana mkubwa bali mtu huru wa tabaka la kati. Kisa chake kikubwa ni cha deni: Robin anamkopesha pauni 400 bwana mmoja anayekaribia kupoteza ardhi yake kwa abati, yaani mkuu wa watawa, wa York. Mwaka 1521 mwanachuoni wa Scotland, John Major, akamweka katika enzi ya Richard na kuandika kwamba aliwanufaisha maskini kwa mali ya maabati. Mwaka 1598 mwandishi wa tamthilia Anthony Munday akampa cheo cha kimwinyi. Uhasama wa Wasaksoni, wenyeji wa Uingereza, na Wanormani waliowateka, ambao ndio uti wa mgongo wa filamu, uliletwa na riwaya ya Walter Scott ya 1819.

Kwa hiyo mtu akikuambia "Robin halisi hakuwa hivyo", muulize anamzungumzia wa mwaka gani.

## Ndani ya msitu wa Sherwood

4. Kwa nini kulungu mmoja azue balaa lote lile?

Kwa sababu kulungu hakuwa nyama, alikuwa mamlaka. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, wafalme walitenga maeneo makubwa kuwa misitu yao ya kuwinda. Mwanakijiji aliyezaliwa kando ya msitu aliwaona wanyama wakila mazao yake na hakuruhusiwa kuwagusa. Msomaji anayeishi jirani na hifadhi hahitaji kuelezwa zaidi.

Filamu inalielewa hilo vizuri. Mtoto wa msaga nafaka, Much, anaua kulungu kwa njaa. Sir Guy wa Gisbourne, mtu wa watawala, anamkamata na adhabu ni kifo. Robin anaingilia kati na kuibeba kesi yeye. Halafu inakuja ile picha ambayo mtu akiiona haisahau: milango ya ngome ya Nottingham inafunguka katikati ya karamu, Robin anaingia peke yake, kulungu kambeba mabegani, anapita katikati ya maadui waliojaa ukumbi mzima na kumtupa mezani mbele ya Prince John, mdogo wake Mfalme Richard, anayetawala wakati kaka yake hayupo. Kabla ya upanga wowote kuchomolewa, kesi yote imeshasomwa: chakula kilichomponza maskini kimelala juu ya meza ya walioshiba.

5. Je, kweli anawaibia matajiri na kuwapa maskini?

Ndiyo, ila tazama kwa makini mali inakwenda wapi, maana kuna jambo ambalo watazamaji wengi hulipitia bila kuliona.

Uvamizi mkubwa katika filamu ni wa msafara wa Sir Guy uliobeba kodi. Wanaume wanadondoka kutoka juu ya miti, askari wanazidiwa, hazina inatekwa. Jioni, katikati ya karamu, Robin anawauliza watu wake kama wagawane. Wanajibu kwa kelele kwamba ni ya Richard. Dhahabu inakwenda kumkomboa mfalme aliyetekwa ng'ambo! Maskini wanapata chakula, nguo na ulinzi wa msitu, lakini ile hazina iliyokamuliwa kwao hairudi mikononi mwao.

Sisemi hili kumshushia Robin hadhi. Katika hadithi, kumrudisha Richard ndiyo njia ya kumwondoa John, na anayeamini hivyo ana haki ya kuchanga. Lakini ukiulizwa na mtu kama filamu hii ni ya kugawana mali, jibu la haki ni kwamba ni ya kugawana mlo. Mlo si kitu kidogo kwa mwenye njaa. Mali ni suala jingine, na tunalirudia katika swali la 16.

6. Robin ni mnyonge au ni bwana?

Wa 1938 ni bwana: Sir Robin wa Locksley, Msaksoni mwenye cheo. Anaacha alichonacho kwa hiari, na mwishoni anarudishiwa zaidi ya alichoacha. Blood ni daktari, Zorro ni mtoto wa mwenye shamba kubwa. Mnyonge mwenyewe, Much, ni msaidizi. Huu ndio upungufu unaonisumbua kuliko wote. Picha inakubali kwamba maskini ameonewa, lakini inamtafutia msemaji aliyesoma na kuvaa vizuri.

Kwa upande mwingine, Much anapewa tendo zito: ndiye anayemzuia muuaji aliyetumwa kumuua Mfalme Richard. Bila mtoto wa msaga nafaka hakuna ushindi.

7. Marian ana kazi gani zaidi ya kupendwa?

Ana kazi kubwa, na kwangu yeye ndiye mtu muhimu kuliko wote katika hoja ya filamu. Robin hana cha kujifunza, tangu mwanzo anajua dhuluma ni nini. Marian ndiye anayetoka upande mmoja kwenda mwingine mbele ya macho yetu.

Mwanzoni ni binti Mnormani aliye chini ya ulinzi wa mfalme, anayemwona Robin kama mwizi mwenye maneno. Anamwambia kwamba anachosema ni uhaini. Robin anajibu kwamba lugha hiyo anaimudu vizuri. Kisha, wakati wa karamu ya msituni, anampeleka pembeni, mbali na vinanda na nyama choma. Chini ya miti wamekaa watu: wazee, majeruhi, waliokimbia makwao. Robin anamweleza kwamba wengine wametobolewa macho, wengine wamekatwa masikio. Wanamshukuru kwa sauti ya chini. Marian anamwambia Robin kuwa ni mtu wa ajabu, na ajabu yake si kule kuwahurumia watu hao bali kutaka kufanya kitu juu yao. Tena mmoja wao ni Mnormani. Robin anajibu kwamba anachokichukia ni dhuluma, si Wanormani.

Dakika hizo chache ndizo moyo wa filamu. Ukiziondoa, kilichobaki ni michezo ya upanga. Baada ya hapo Marian anakuwa mtu wa ndani wa waasi katika ngome ya adui, anakamatwa, anahukumiwa kifo, na mbele ya baraza lililomhukumu hajutii neno lake hata moja.

8. Mfalme Richard alikuwa mwema hivyo kweli?

Hapana, na hili wanakikundi wetu hulipokea kwa uchungu.

Richard alitawala 1189 hadi 1199 na katika miaka yote hiyo alikaa Uingereza takriban miezi sita tu. Alitekwa karibu na Vienna Desemba 1192 akitoka vitani, na fidia iliyodaiwa ilifika marki 150,000. Kuipata, watu walitozwa robo ya mapato na mali zao, na makanisa yakatoa vyombo vya fedha. Yaani kodi ambayo filamu inamtupia John, sababu yake kubwa katika historia ilikuwa Richard mwenyewe.

Kuna baya zaidi. Rudi kwa wale watu wa msituni waliotobolewa macho (swali la 7). Mwaka 1198, Richard akiwa mfalme huru, sheria ya misitu iliyotolewa kwa jina lake iliweka adhabu ya kutobolewa macho na kuhasiwa kwa aliyeua kulungu wa mfalme. Nafuu ilikuja baada ya John kufa, kwa Mkataba wa Msitu wa 1217, uliosema hakuna atakayepoteza maisha wala kiungo kwa sababu ya nyama ya msituni.

Sheria ni msumeno, tunasema, hukata mbele na nyuma. Katika misitu ya Richard msumeno ulikata upande mmoja tu.

## Baharini, na California

9. Kwa nini mnamweka Captain Blood, naye ni haramia wa majini?

Kwa sababu kisa chake kinaanza na kesi. Mwaka 1685 Duke wa Monmouth aliasi dhidi ya Mfalme James II na kushindwa. Peter Blood, daktari, anaitwa usiku kumtibu majeruhi wa upande wa waasi. Anamtibu, kwa kuwa ndiyo kazi yake, na kwa hilo anafikishwa mbele ya Jaji Jeffreys, mtu halisi wa historia aliyesifika kwa ukatili. Hukumu ni kunyongwa, kisha mfalme anaona faida zaidi katika kuwauza. Blood anapelekwa Port Royal, Jamaika, na kununuliwa kwa pauni 10. Anatoroka na wenzake, wanateka meli, wanakuwa maharamia wenye mkataba wao wenyewe, pamoja na fidia kwa anayeumia kazini.

Mikataba ya namna hiyo ilikuwepo kweli. Exquemelin, aliyesafiri na maharamia wa Karibi na kuandika habari zao mwaka 1678, anasema aliyepoteza mkono wa kulia alilipwa vipande 600 vya fedha. Wafanyakazi wangapi wa karne ile walikuwa na bima ya mkono? Filamu inalishangilia hilo, nami nilikuwa nikilishangilia.

Halafu nikasoma sentensi hiyohiyo hadi mwisho. Vipande 600 vya fedha, *au watumwa 6*. Jicho moja, mtumwa 1.

Tangu hapo siwezi kuitazama *Captain Blood* kama zamani. Jamaika ile ilikuwa ikijaa Waafrika waliouzwa, na filamu inayolia juu ya mzungu kupigwa mnada inawaweka nyuma ya picha kama miti. Kilio chake ni cha kweli. Ila kimechagua mtu wa kumlilia. Kwetu sisi ambao Bagamoyo na Mkunazini zimo katika historia yetu, hili si jambo dogo, na tukiionyesha tunalisema kabla taa hazijazimwa.

10. Zorro ana tofauti gani na Robin?

Ana nyuso mbili. Robin anaasi hadharani, Zorro mchana ni Don Diego, kijana mlegevu anayelalamikia joto, usiku ni mtu wa barakoa. Alibuniwa na mwandishi Johnston McCulley mwaka 1919, na mwaka uliofuata Douglas Fairbanks akamcheza katika filamu bubu.

Katika ya 1940, gavana wa Los Angeles anawakamua wakulima, naye Zorro anazirudisha fedha kupitia padre. Padre huyo ni Eugene Pallette, yuleyule aliyekuwa Friar Tuck, mtawa wa kundi la Robin, miaka miwili kabla, na adui wa upanga ni Basil Rathbone, yuleyule Sir Guy. Mwisho wake, baba yake Diego anarudishiwa ugavana. Wenyeji wa asili wa California, ambao jasho lao lilijenga makanisa ya wamisionari, hawapewi sauti.

## Watengenezaji na wachujaji

11. Kwa nini picha hizi zilishamiri miaka ya 1930?

Njaa. Mwaka 1933 Mmarekani 1 kati ya 4 wa nguvukazi hakuwa na ajira. Mtu aliyefungiwa na benki yake alikuwa tayari kumpigia makofi yeyote anayepora msafara wa kodi, hata wa miaka 700 iliyopita. Na wenye studio walijua kwamba hasira hiyo ikivalishwa mavazi ya kale haimtishi mtu. Warner Bros. ilitumia takribani dola milioni 2 kwa Robin Hood, fedha nyingi mno kwa wakati ule, na kuipiga kwa rangi za Technicolor.

Kulikuwa na Ulaya pia. Curtiz alizaliwa Budapest katika familia ya Kiyahudi. Mtunzi wa muziki, Erich Wolfgang Korngold, Myahudi wa Vienna, aliitwa Hollywood kuifanyia kazi filamu hii mwanzoni mwa 1938. Machi mwaka huohuo Hitler akaimeza Austria. Korngold alikuwa akisema kwamba Robin Hood alimwokoa maisha. Muziki huo ulipata Oscar, na kila ninaposikia tarumbeta za mwanzo nakumbuka kwamba aliyeziandika hakuwa tena na mji wa kurudi.

12. Wachujaji wa Hollywood walikubalije steringi awe mwizi?

Kanuni za maadili zilizosimamiwa kwa ukali kuanzia 1934 zilikataza uhalifu kuonyeshwa kwa namna ya kumfanya mtazamaji auonee huruma. Njia ya kupita ilikuwa moja: adui asiwe serikali halali. John anatawala kwa hila, kwa hiyo anayemwasi ndiye mtiifu. Blood anasamehewa baada ya James II kuondolewa na William kukaa kitini, anapewa hata ugavana. Mwizi anageuka mzalendo, na kanuni inabaki salama.

13. Kuna serikali iliyowahi kuzipiga marufuku?

Ndiyo, Australia. Mwaka 1906 ilitoka *The Story of the Kelly Gang*, kuhusu Ned Kelly, jambazi aliyenyongwa Melbourne mwaka 1880. Ilizidi saa moja, na ndiyo inayohesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya kisa duniani. Watu walifurika. Kufikia 1912 majimbo kadhaa yalikuwa yamezuia filamu za majambazi wa porini, na aina nzima ya sinema ikafa. Kelly alikuwa mtoto wa Waairishi maskini, wakati wake ulikuwa wa juzi, na hapakuwa na mfalme mwema wa kumsamehe. Linganisha na jibu la 12.

14. Ni kweli Robin Hood aliwahi kuitwa mkomunisti?

Ni kweli. Mwaka 1953 mjumbe mmoja wa tume ya vitabu vya shule ya Indiana alitaka Robin Hood aondolewe, kwa madai kwamba kuwanyang'anya matajiri ni mafundisho ya kikomunisti. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Indiana wakajibu kwa kugawa manyoya ya kijani.

Miaka miwili baadaye Uingereza ikaanza kurusha tamthilia ya televisheni ya Robin Hood, Richard Greene akiwa steringi. Mtayarishaji wake, Hannah Weinstein, aliwapa kazi kwa majina ya bandia waandishi wa Kimarekani waliofungiwa kwa tuhuma za ukomunisti, akiwemo Ring Lardner Jr., aliyekwisha kufungwa jela kwa kukataa kujibu maswali ya kamati ya Bunge. Watu waliowekwa nje ya sheria waliandika habari za mtu aliye nje ya sheria, na watoto wa dunia nzima wakawatazama bila kujua.

## Kwetu

15. Je, watu wa pwani waliwajua kina Robin, au ni mambo ya Wazungu?

Kumbi za sinema za Unguja, Dar es Salaam na Mombasa zilionyesha za Marekani na za Uhindi, lakini kama unataka haramia shujaa aliyegusa mioyo ya pwani, mtafute katika picha la Kihindi. *Mother India* ya 1957 ndiyo kilele. Mama mkwe wa Radha anakopa rupia 500, na mkopeshaji Sukhilala anachukua robo tatu ya mavuno kila mwaka kama riba. Mwana mkorofi wa Radha, Birju, anakua na hasira ile, anakuwa jambazi, anamuua Sukhilala na kuzichoma hati za madeni. Angekuwa Robin, picha ingeishia hapo kwa harusi. Lakini Birju anamteka binti wa Sukhilala, na mama yake mwenyewe anamlenga bunduki na kumuua.

Hakuna mfalme wa kurudi katika picha ile. Haki inabaki mikononi mwa mwanamke mwenye tope miguuni, na inamgharimu mtoto.

16. Kwa nini wapiganaji wa Mau Mau hawakupewa picha kama ya Robin Hood?

Hili ndilo swali bora nililowahi kuulizwa, na aliyeuliza alikuwa kijana wa kidato cha tatu.

Weka mambo mawili ubavu kwa ubavu. Mwaka 1955 televisheni ya Uingereza inawafundisha watoto kumpenda mtu aliyekimbilia msituni kwa sababu ya ardhi na kodi, aliyeapa kiapo na wenzake chini ya mti. Mwaka huohuo sinema ya Uingereza inatoa *Simba*, picha kuhusu Kenya, ambamo watu waliokimbilia msituni kwa sababu ya ardhi, walioapa kiapo, ni kitisho kinachokuja usiku. *Something of Value* ya Marekani, 1957, ilijaribu kidogo: Sidney Poitier ni Kimani, kijana aliyelelewa pamoja na mtoto wa mlowezi, tunamwona akipigwa kofi na baba yake akifungwa kabla hajaingia msituni. Hata hivyo anayebaki hai kumalizia hadithi ni mlowezi.

Chama cha Mau Mau kilipigwa marufuku mwaka 1950. Kiongozi wao, Dedan Kimathi, alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Marufuku yenyewe iliondolewa mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Kwa nusu karne, kwa maandishi ya serikali, walibeba kichwa cha mbwa mwitu.

Kwa nini, basi? Jibu langu ni lile la swali la 5. Robin aliomba mfalme mwema arudi. Mau Mau wa msitu wa Nyandarua walidai ardhi. Sinema zile za zamani zilikuwa na nafasi kwa wa kwanza, na hazikuwa na namna ya kumalizia hadithi ya wa pili.

17. Abunuwasi naye ni wa kundi hili?

Jirani tu. Abunuwasi anamwaibisha mfalme kwa akili, kisha jioni anarudi kwake. Hajawahi kuwa nje ya sheria, ila anaijua kuliko walioiandika.

## Maswali magumu

18. Si kuwatukuza majambazi huku? Mtaani kwetu tunaibiwa na maskini wenzetu.

Hofu hii ni ya haki. Mwanahistoria Eric Hobsbawm, katika vitabu vyake vya 1959 na 1969, aliwaita watu wa namna ya Robin majambazi wa kijamii, wanaobeba kilio cha wakulima. Mwaka 1972 Anton Blok akamjibu kwamba majambazi wengi halisi walitumikia wenye ardhi na kuwatisha wakulima haohao. Nakubaliana na Blok kuhusu wengi wao. Nakubaliana na Hobsbawm kwamba hadithi zenyewe zinaeleza walichokikosa watu.

Kipimo ninachotumia ni chepesi: baada ya uporaji, nani anakula? Anayekuvizia kichochoroni akuchukulie simu hamlishi mtu. Neno *shifta* lina pande zote mbili: Kenya linatumika kwa mporaji wa kaskazini, lakini Ethiopia lilikotoka lilimhusu pia bwana aliyekimbilia porini kuasi. Mfalme Tewodros II alikuwa shifta kabla ya kuvikwa taji mwaka 1855.

19. Mbona Robin anaua askari wengi na hakuna anayewalilia?

Ni kweli, na ni dosari. Askari wale nao walikuwa wa watu, na pengine walilipwa kidogo. Filamu inawafanya wasiwe na sura ili tusihesabu. Mtoto akiuliza, usimzuie kuuliza.

## Kutazama

20. Hakuna manukuu ya Kiswahili. Nitaelewaje?

Robin Hood ya 1938 inaeleweka hata ukizima sauti, kwa jinsi inavyosimuliwa kwa macho. Njia bora, hata hivyo, ni ileile ya mabanda: mtu mmoja anayejua Kiingereza anasimulia papo kwa papo. Lufufu kwa Tanzania na DJ Afro kwa Kenya wametuonyesha kwamba msimulizi mzuri haharibu picha, anaipa mwenyeji. Msimulizi anyamaze mahali pamoja tu: pambano la mwisho la Robin na Sir Guy, vivuli vyao vikubwa vikipigana juu ya nguzo ya mawe.

21. Ile mishale ni ya kweli?

Mingi, ndiyo. Mpiga upinde Howard Hill aliwalenga watu walio hai, waliovaa kinga chini ya nguo.

22. Nimeshatazama ya 1938. Niendelee na ipi?

Nakushauri njia isiyo ya kawaida: mfuate Little John, msaidizi mkuu wa Robin. Alan Hale alimcheza katika Robin Hood bubu ya 1922 ya Douglas Fairbanks, akamcheza tena 1938, na mara ya tatu katika *Rogues of Sherwood Forest* ya 1950. Miaka 28, mtu yuleyule na fimbo yake, kutoka kijana mwenye kifua hadi mzee mnene mwenye kicheko. Alifariki Januari 1950, picha ya tatu ikiwa haijatoka.

Hiyo ya tatu ni dhaifu kwa mambo mengi, na Flynn hayumo. Lakini itazame hadi mwisho. Richard ameshakufa na hakuna mfalme mwema wa kusubiriwa, kwa hiyo waasi wanamkalisha John mezani na kumfanya aweke sahihi kwenye karatasi.